Meloni Iliyovaa Sweta la Shule

Jumamosi, 15 Novemba

Ukungu mpaka saa sita mchana. Leo nimeamua kuwa mkulima.

Sababu naiandika hapa kwa kuwa hakuna mtu nitakayemwambia. Shangazi Secilia, dada yake Baba, anauza matunda stendi ya Mombo. Amepiga simu kuomba mtoto mmoja wa kumsaidia likizo ya Juni. Kazi yenyewe ni kukimbilia mabasi na sinia kichwani na kuwapigia kelele abiria dirishani. Mtoto akionekana anafaa, akimaliza shule atabaki hukohuko moja kwa moja.

Watoto wa kuchagua ni wawili. Mimi, na Alen wa Baba Mdogo, nyumba ya pili. Alen anaongea hata akiwa na uji mdomoni. Mimi nikitumwa dukani nasubiri wateja wote waondoke kwanza. Siku moja nilisubiri mpaka duka likafungwa. Shikamoo yangu nayo haisikiki. Wazee wawili wameshamlalamikia Baba kwamba binti yake Yunis haamkii watu. Naamkia. Kwa ndani.

Mtu angedhani Alen ndiye wa kwenda. Lakini Baba amesema, na Baba Mdogo amekubali, kwamba mwenye kitu ardhini hang'olewi. Alen ana kabichi, karoti na hoho. Mimi ardhini sina hata kitunguu. Alen akasema nikisimama stendi abiria watanifunga mbuzi wakidhani ni nguzo. Bibi alicheka mpaka akaomba maji.

Kwa hiyo nalima meloni. Si tikiti maji. Ni lile dogo la njano lenye harufu. Shangazi alituletea moja mwezi jana nikaficha mbegu zake. Nimelichagua kwa akili. Hapa Malindi, hii yetu ya milimani Lushoto na si ile ya pwani, kila mtu analima kabichi, kwa hiyo kila mtu ana la kusema kuhusu kabichi ya mwenzake. Meloni hakuna aliyewahi kulima. Hakuna atakayenisimamisha njiani kuniuliza.

Nimesoma kwa Kiingereza kwenye simu ya Mama. Wanasema meloni inataka jua la kutwa na usiku wenye joto. Nikatafuta kwa Kiswahili, huenda hao wakawa na msimamo mwingine. Wamesema vilevile. Lakini hakuna palipoandikwa kwamba Malindi haiwezekani.

Jumapili, 16 Novemba

Mbegu inatakiwa ipate joto ili iote. Mahali penye joto nyumbani kwetu ni jikoni tu. Nilizifunga mbegu kwenye kitambaa kibichi nikaziweka karibu na mafiga kabla ya kwenda kanisani.

Tuliporudi Mama alitafuta kitu cha kuepulia sufuria ya maharage. Akakipata.

Mbegu zilimwagikia kwenye makaa. Bibi alizichokoa kwa kijiti moja moja, akazimenya, akazila. Akasema si mbaya ila za maboga ni nene zaidi. Nilitaka kusema kitu. Nikapika chai.

Bahati nilibakiza chache kwenye kikopo cha kalamu.

Jumatano, 19 Novemba

Nimepata joto la kudumu lisilotumia kuni. Kuku wa Bibi ameatamia. Anakaa palepale kutwa kucha, haulizi swali.

Nimeweka mbegu kwenye pamba yenye maji, pamba kwenye soksi ya shule, soksi chini ya kuku. Amenidonoa mara kadhaa kisha akaikubali. Nadhani anaona ni yai lililolegea.

Jumatatu, 24 Novemba

Mbegu zimeota. Tatu, zenye mikia myeupe. Nimefurahi sana. Nilifurahi peke yangu nyuma ya banda.

Tatizo ni kwamba Bibi aliiona soksi kabla yangu. Amewaambia majirani wote kuwa kuku wake ameatamia soksi. Wanakuja kumtazama kuku. Wanaume wawili wazima wamebishana uani kwetu kama ni ugonjwa au ni uzee. Mmoja ameshauri achinjwe mapema.

Nimesema soksi moja imepotea. Nimevaa zisizofanana shuleni. Kuku yuko hai, mpaka sasa.

Jumamosi, 6 Desemba

Miche mitatu iko ardhini, kwenye ukuta wa nyuma wa jiko, upande ule mafiga yalipo. Ukuta unakuwa vuguvugu Mama akipika. Nimemwomba Mama apike maharage mara nyingi zaidi. Amesema ni mara ya kwanza kusikia mtoto akiomba maharage, akanigusa paji la uso.

Kila mche nimeufunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Alen alikuja na toroli lake la kabichi. Akasimama. Akauliza wagonjwa wanaendeleaje na saa za kuwaona ni ngapi. Akasema kama damu itahitajika yeye yuko tayari.

Nilifikiria jibu zuri. Lilinijia alipokuwa ameshafika kwao.

Ijumaa, 19 Desemba

Mche mmoja ulikufa kwa baridi. Miwili imetambaa vizuri, majani mapana, mizuri kweli. Asubuhi niliipima kwa mkono wangu. Inazidi.

Jioni tukala bada, ugali wa muhogo, na mboga. Mboga laini, imeungwa kwa karanga. Nikaongeza bada, nikaongeza mboga. Nikamwambia Bibi kwamba leo mboga ni tamu sana. Sentensi nzima. Mama akageuka kunitazama.

Bibi akafurahi. Akasema yale maboga ya nyuma ya jiko yana vikonyo laini kuliko yote, sijui nani kayapanda, amechuma ncha zote na kesho atatazama kama yamebaki mengine.

Nikaweka tonge chini. Kisha nikalichukua tena, maana lilikuwa limeshachovywa.

Nimekula shamba langu. Lilikuwa tamu.

Jumatatu, 29 Desemba

Mambo ya ajabu. Nilidhani miche imekufa. Badala yake kila pale Bibi alipochuma kumetoka matawi mawili ya pembeni, na kwenye matawi kuna maua. Mengine yana kibonge kidogo chini yake kama punje ya njegere. Hayo ndiyo maua ya kike.

Kwa Kiingereza wanasema mkulima anatakiwa akate ncha makusudi ili matawi ya pembeni yatoke. Niliona nikiwa nasoma mwanzo. Niliruka. Ni ushauri unaoonekana wa kihuni.

Nadhani miche imepona kwa sababu nimekuwa nikiisemesha. Nimezungushia miiba ili Bibi asipite.

Alhamisi, 8 Januari

Siku mbaya.

Maua yanachanua na kuanguka. Nyuki hawatoki kwenye ukungu huu, na mimi siwalaumu. Kazi yao inabidi ifanywe na mtu. Unachuma ua la kiume, unabandua majani yake, unaligusisha taratibu kwenye ua la kike, asubuhi na mapema. Najisikia vibaya hata kuliandika.

Nikaamka kabla ya jua. Nikapiga magoti nyuma ya jiko, kichwa chini, macho nimeyafumba kidogo kwa aibu. Namaliza tu ua la kwanza nikasikia mtu anakohoa njiani. Mwinjilisti Timotheo, wa mtaa wetu wa kanisa, na baiskeli yake.

Akauliza nafanya nini hapo, binti. Neno kuchavusha nalijua kwa lugha mbili. Halikutoka kwa hata moja. Nikabaki nimepiga magoti. Akavua kofia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba samahani, hakujua, endelea mwanangu, vijana kama wewe wamebaki wachache. Akasukuma baiskeli kwa mkono mpaka akavuka nyumba, ili mnyororo usipige kelele.

Nilipaswa kumwita. Nilimaliza ua la pili, nikayafunga yote mawili uzi mwekundu wa alama.

Jumapili, 11 Januari

Ametangaza kanisani.

Alisema hatataja jina. Kisha akasema ni binti wa kidato cha tatu, mkimya, nyumba yenye jiko la bati jipya. Waumini wote wakageuka. Akasema amemkuta kabla ya jua kutoka, kwenye umande, akimlilia Mungu peke yake. Mama akatoa leso. Baba alikaa wima kuliko benchi.

Kwa sababu hiyo Jumatano nitaongoza maombi ya umoja wa vijana. Mbele. Kwa sauti.

Alen alinisubiri mlangoni. Akanong'ona kwamba alipita nyuma ya jiko jana na ameona maombi yangu yamefungwa uzi mwekundu kwenye kikonyo.

Jumatano, 14 Januari

Mpango ulikuwa kukaukiwa na sauti. Asubuhi nikamwonyesha Mama koo kwa ishara kwamba sauti imepotea. Mama akasema hajaona tofauti.

Bibi akanitengenezea tangawizi, limau na kitu kingine cheusi ambacho hakukitaja. Nikapelekwa kwenye maombi nikiwa natoka jasho.

Wakaniita mbele. Nikasimama. Nikafumba macho nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikasubiri. Nilisimama hivyo muda mrefu, nikihesabu mbao za dari kupitia kope. Kimya kile kikawa kizito. Dada mmoja wa kwaya akaanza kulia. Akafuata mwingine. Mwisho nikasema amina kwa sababu nilitaka kuketi.

Wamesema hayajawahi kuwepo maombi kama yale. Wameniomba tena mwezi ujao. Alen amesema yalikuwa mazuri kwa sababu hayakuwa na maneno ya kurudiarudia.

Jambo moja zuri. Kibonge kimoja hakijaanguka. Kimevimba. Ni sawa na yai la kuku sasa.

Jumatano, 28 Januari

Meloni moja. Ngumi ya Bibi na zaidi kidogo. Nyingine zote zilinyauka. Hii nimeifungia kwenye kipande cha chandarua kama mtoto mgongoni, na kwa sababu baridi imekaza nimeivalisha sweta langu la shule. Mikono nimeifunga nyuma kwa fundo.

Baba aliuliza kwa nini tunda limevaa sweta na mwanafunzi anatetemeka. Lilikuwa swali zuri.

Shuleni nako mwalimu wa zamu aliuliza sweta liko wapi. Kumweleza kwamba liko kwa meloni kungehitaji utangulizi mrefu. Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza taratibu kama nyumbani tunakula. Nikatikisa kichwa kuonyesha sijui niseme nini. Akaelewa vingine. Leo ameniletea sweta la binti yake na kilo ya sukari.

Baba amevirudisha mwenyewe, kwa miguu, akiwa amevaa koti la harusi. Amerudi. Amekwenda nyuma ya jiko, amesimama mbele ya meloni, wameangaliana.

Jumatano, 11 Februari

Nilikuwa nimeshatulia. Nina kitu ardhini. Kidogo, kigumu, cha kijani, lakini kiko ardhini. Mpango ulikuwa kukiacha hapohapo mpaka Juni ipite. Hata kikioza, kioze kikiwa cha kwangu.

Leo Mwinjilisti amekuja kunywa chai. Jumapili ni mavuno ya vuli. Kila nyumba inapeleka ya kwanza ya shamba, halafu mnada nje ya kanisa. Akamuuliza Baba mwaka huu nyumba hii italeta nini. Baba, ambaye siku zote hupeleka maharage, akasema taratibu kwamba binti yake atatoa meloni. Mwinjilisti akaweka kikombe chini. Akasema meloni iliyoombewa.

Nilikuwa mlangoni na sinia la viazi. Nilikuwa na sentensi nzima tayari: Baba, haijaiva, iache. Maneno matatu. Baba akanitazama kwa uso ambao sijawahi kuuona akinitazama nao, ule anaomtazamia Alen akivuna. Nikaweka viazi mezani.

Imebidi niikate. Ilikuwa ngumu kutoka, kikonyo kiling'ang'ania. Harufu haina. Nikaigonga, ikalia kama mlango.

Bado kuna njia. Ndizi mbichi huwa tunazivundika na zinaiva. Bibi amezika mkungu kwenye shimo lake, na majani makavu na moshi kidogo. Nimeipenyeza meloni katikati.

Jumamosi, 14 Februari

Nimefukua. Ndizi zimeiva vizuri sana. Meloni imebaki kama ilivyokuwa ila imegeuka njano upande mmoja, na inanuka ndizi.

Nimeisugua kwa ganda la pasheni. Sasa inanuka ndizi na pasheni. Mtu asiyejua meloni anaweza kuamini. Na hapa hakuna anayeijua, ndiyo faida niliyoiona tangu mwanzo.

Mama anasema Shangazi Secilia amepanda kuja mavuno. Anauza meloni kila siku ya maisha yake.

Jumapili, 15 Februari

Nitaandika haraka.

Dalali wa mnada alikuwa Alen. Aliyeleta kitu anasimama mezani na kukiinua juu mpaka kinunuliwe. Nikaiinua. Mikono ikitetemeka, na meloni pia. Alen akapaza sauti kwamba mabibi na mabwana, meloni ya kwanza Malindi tangu milima iumbwe, imelelewa kwa sala na sweta, angalieni inavyotetemeka, iko hai.

Kwetu anayenunua mnadani haondoki na kitu. Anamtunza mtu nacho. Mzee mmoja akainunua akamtunza Mchungaji. Mchungaji akashukuru, akairudisha mezani iuzwe tena. Akainunua mwenyekiti wa akina mama, akamtunza Mwinjilisti. Ikarudi. Kila ikirudi, mimi nainua. Mwaka jana kuku mmoja aliuzwa hivyo mpaka akasinzia. Nilianza kuona mwanga. Ikizunguka hivi mpaka watu watawanyike, hakuna atakayeikata.

Ndipo Shangazi Secilia akasimama na kitenge chake kipya. Akainunua. Nikasubiri aseme anamtunza nani. Akasema anautunza usharika mzima, waonje jasho la mtoto wao, na nani ana kisu.

Akaishika. Akainusa. Akanitazama. Akaigonga kwa kidole, akanitazama tena, muda mrefu zaidi. Kisha akakata, maana watu walikuwa wameshasogea.

Ndani nyeupe, kama tango. Kisu kililia.

Kipande cha kwanza akapewa Mchungaji. Alitafuna. Tulimsubiri. Alitafuna upande wa pili. Akasema Mungu ni mwema. Watu wakaitikia kwamba kila wakati. Mwinjilisti akala chake na maganda. Bibi akasema hii si ya kula mbichi, akakusanya vipande vyote kwenye upande wa khanga, na jioni akavipika na maharage.

Nilidhani Baba atakasirika. Alipokuwa ananawa mikono akasema kwamba mnada haujawahi kuchangamka vile, na kwamba nilisimama vizuri. Hilo nimelirudia kichwani jioni nzima.

Jumatatu, 16 Februari

Asubuhi Baba akaniita, Shangazi akiwa amekaa pembeni anafunga mizigo yake. Akasema nimevuna, nimetoa kwa Mungu, hongera. Akasema tulikubaliana kwamba mwenye kitu ardhini hang'olewi. Akaniuliza mimi sasa ardhini nina nini.

Nikasema, na nilisikika, kwamba miche bado ipo. Tukaenda wote nyuma ya jiko. Bibi alikuwa anatoka huko na ungo. Akasema kwa kuwa nimeshavuna ameona aing'oe miche yote, asiache majani yaharibike.

Nitakwenda Mombo likizo ya Juni. Shangazi akanipiga bega akasema joto litanifungua mdomo.

Jioni nikaketi kwenye tuta la kabichi za Alen. Nilitaka anicheke ili yaishe. Hakucheka. Akawa anang'oa majani ya njano tu. Kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyetaka kwenda. Anapenda stendi, anapenda mabasi, anapenda kelele. Kabichi alipandishwa na Baba Mdogo kwa lazima, na alikuwa akiomba kila siku zipate ugonjwa. Akaniuliza kwa nini nilihangaika na meloni yote ile badala ya kumwambia tu.

Nikamuuliza kwa nini yeye hakuniambia, na anaongea siku nzima. Akafikiri. Akasema hilo halikuwa la kutania, kwa hiyo alikuwa hajui linaanzaje.

Akang'oa jani jingine. Kisha akasema bado kuna nafasi. Niende kwa Baba nimwambie: aende Alen. Maneno mawili. Yeye mwenyewe akisema, Baba Mdogo ataona anakimbia jembe.

Nimeshinda nikiyapima maneno hayo mawili. Nikimwambia Baba, atauliza kwa nini. Hapo itabidi niendelee. Nimeona kuna njia rahisi zaidi, isiyohitaji kuongea na mtu. Nitakwenda Mombo, nitashindwa kazi, nitarudishwa.

Jumanne, 9 Juni. Mombo

Joto. Milima yetu inaonekana kutoka hapa, imejifunika ukungu.

Leo ndiyo siku yangu ya kwanza stendi. Shangazi amenipa sinia la vipande vya meloni, kwa sababu anasema mimi ndiye mwenye uzoefu. Zake ndani zina rangi ya chungwa, tamu, harufu yake inafika mbali.

Mpango ulikuwa huu. Kunyamaza kabisa. Kutouza hata kipande. Kurudishwa kabla ya wiki kuisha.

Basi la kwanza likaingia. Wauzaji wenzangu wakalivamia, wanagonga madirisha, wanaitana, karanga, maji, machungwa, mama angalia huku, bosi chukua hii. Mimi nikasimama kando nikitazama viatu vyangu. Mama mmoja mtu mzima akafungua dirisha la nyuma. Akasema hawa wamempasua kichwa tangu Korogwe, yule binti mpole asogee na sinia lake. Nikasogea. Akanunua. Aliyekaa naye akanunua. Wakaniita dirisha la pili, wakawaambia wengine waache kunisukuma, mtoto ana adabu. Konda akashuka akanunua vya dereva. Akatangaza ndani ya basi kwamba matunda yasiyopigiwa kelele ndiyo matunda.

Basi la pili likawa vilevile. La tatu konda alikuwa ameshapigiwa simu na wa kwanza.

Kufika saa nane sinia lilikuwa tupu. Shangazi akampigia Baba, sauti imefunguliwa, stendi nzima inasikia. Akasema mtoto huyu ni kipaji, amlete kila likizo, na akimaliza shule asitafutiwe mahali pengine, kitanda ameshamnunulia. Baba akasema alijua tangu siku ile ya mavuno. Sauti yake ilikuwa imejaa. Shangazi akanipa simu niongee naye.

Nikasema ndiyo, Baba.

Alen ametuma ujumbe kwenye simu ya Shangazi kuuliza kama nimeshamwambia Baba lile neno. Nimemjibu bado, nina mpango.

Nimekaa nikautazama mpango wa leo mwanzo mpaka mwisho na kosa nimeliona. Kosa ni kunyamaza. Watu wa mabasi wanakuja kwangu kwa sababu nimenyamaza. Nikipiga kelele kuliko wauzaji wote watakimbia, sinia litabaki limejaa, na Shangazi mwenyewe atanipandisha gari la kwanza la Lushoto. Hakuna haja ya kumwambia mtu kitu.

Kwa hiyo kesho nitapiga kelele. Jioni hii nimeanza mazoezi ya kunadi meloni nyuma ya vyoo vya stendi, ambako hakuna mtu. Mara ya kwanza ilitoka ndogo. Ya pili ikatoka kubwa mpaka nikajishtua.

Mara ya tatu dirisha la choo likafunguliwa, mwanamume akatoa mkono akauliza kipande ni bei gani.